Somo la Kumi na Mbili: Kongwa la Shingoni na Kongwa la Moyoni

Wapenzi wasikilizaji, ndugu Wakristo, nanyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa Ubatizo: katika somo lililopita tuliona jinsi Mungu alivyowatoa Waisraeli katika nchi ya Misri. Leo twauliza swali moja tu. Mkristo akisema, “Mimi ni mtu huru,” asema nini? Je, asema kwamba hana bwana? Je, asema kwamba aweza kutenda kila analolipenda?

Ili tupate jibu hatutakwenda mbali. Tutakaa hapa hapa kwetu, Kasongo na Kabambare. Kwa maana nchi yetu imeujua utumwa, si kwa kuusikia katika vitabu, bali kwa mabega yake na kwa machozi yake. Nchi iliyovaa kongwa yaweza kuwafundisha wengine maana ya kulivua. Basi sikilizeni kwa makini habari za wazee wetu, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la Mungu.

I. Ugonjwa wa Kabambare

Zamani za babu wa babu zetu, njia kuu ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Lualaba. Katika njia hiyo walikuja wafanyabiashara wa Unguja na wa pwani kutafuta pembe za ndovu. Walileta nguo, shanga na bunduki. Lakini pembe ni nzito, nazo hazitembei zenyewe. Zilihitaji mabega ya watu. Basi pembe ilitafuta mtumwa wa kuichukua, na bunduki ilimpata mtumwa huyo. Tena tusifiche neno hili: wako machifu wetu wenyewe waliowauza watu wao, au watu wa jirani, kwa kupata nguo na baruti.

Mwaka 1870 Mskoti mmoja, msafiri na mmisionari wa Kiprotestanti, David Livingstone, alikwama Kabambare miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu. Yeye aliita mahali hapo Bambarre. Mwezi wa Desemba mwaka huo aliandika katika daftari yake habari ya ugonjwa wa ajabu. Mateka wengine walikuwa wakifa, nao hawakuwa na homa wala jeraha, tena walikuwa wakipewa chakula. Watu hao walikuwa wamezaliwa huru, wakakamatwa. Walipokwisha kuvuka Lualaba na kuyaona maji mapana yamewatenga na kwao, mioyo yao ilivunjika. Watu 21 walifunguliwa minyororo, maana wenye msafara walidhani sasa hawatatoroka tena. Nao wote 21 wakakimbia mara moja. Miongoni mwa waliobaki minyororoni, wanane walikufa katika siku tatu baada ya kuvuka. Walipoulizwa ni wapi panapowauma, walitia mkono juu ya moyo.

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili upesi. Hao hawakuwa Wakristo. Hakuna katekista aliyewafundisha. Hata hivyo walijua, kwa mkono uliowekwa kifuani, kwamba mtu hakuumbwa awe mali ya mtu. Nani aliwafundisha? Ni Mungu aliyewaumba. Katekisimu yatuambia kwamba Mungu alimwumba mtu kwa sura yake, akampa akili ya kujua na utashi wa kuchagua. Anayemfunga mwenzake na kumuuza kama mbuzi, ampiga Mungu katika sura yake. Kwa hiyo utumwa ni dhambi. Haukuwa desturi tu ya watu wa zamani.

Na sisi Wakatoliki tusinyoshe kidole bila kujitazama. Wakristo wa Ulaya nao waliwanunua na kuwauza Waafrika kwa mamia ya miaka, wakiwavusha bahari ya Atlantiki, na wengi waliotenda hivyo walikwenda kanisani siku ya Mungu. Tarehe 5 Mei 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili barua ya kuulaani utumwa. Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika Afrika. Tumshukuru Mungu kwa sauti hizo. Lakini tukiri pia kwamba Wakristo wengi walikawia sana kuusikia moyo ule uliokuwa ukiuma Kabambare.

II. Kanzu ya Ungwana

Sasa twafika penye fundo la somo letu. Yafaa tuulize: Ni nani hasa waliozishika bunduki zile?

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, watu wenye silaha waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua. Siku hiyo walikuwapo sokoni watu kama 1,500. Wengine walianguka pale pale, wengine walijitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Sababu ya mauaji hayo ilikuwa ugomvi wa wenye biashara wao kwa wao, na tamaa ya kuwatia watu hofu.

Lakini katika misafara ya siku zile, wengi wa washika bunduki hawakutoka Uarabuni. Walikuwa watu weusi kama sisi, na wengi wao walikuwa watumwa, au wana wa watumwa. Mtoto alitekwa kijijini, akalelewa katika boma la tajiri, akapewa jina jipya, akavikwa kanzu nyeupe, akafundishwa lugha ya pwani. Alipokua alipewa bunduki. Siku hiyo alijiita mwungwana, yaani mtu huru, mtu wa heshima. Ndiyo maana lugha yetu ya Kiswahili huku Maniema iliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Na huyo mwungwana mpya alifanya nini kwanza kwa uhuru wake? Alikwenda kijiji cha pili kuteka watumwa.

Mfano mkubwa ni Gongo Lutete. Alitekwa akiwa mtoto, akawa mtumwa. Kwa ushujaa na akili yake alipata uhuru, akapanda cheo, akawa jemadari wa Hamed bin Muhammad, ambaye watu walimwita Tippu Tip, bwana mkubwa wa Kasongo. Huko Ngandu, magharibi ya Lualaba, Gongo Lutete alikuwa na askari wengi na watu wengi chini ya mkono wake. Mtu aliyejua uchungu wa kongwa shingoni mwake aliwavisha wengine kongwa lile lile. Mwaka 1892 aliwaacha mabwana zake wa kwanza, akashikamana na Serikali ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 1893, maofisa wa Serikali hiyo hiyo walimshitaki kwa uhaini wakamwua. Alibadili mabwana mara nyingi. Uhuru hakuupata.

Angalieni, ndugu zangu. Kongwa lilitoka shingoni, likahamia moyoni. Moyoni mwake mtu huyo aliamini bado kwamba duniani wamo watu wa namna mbili tu: anayefunga na anayefungwa. Alichobadili ni mahali pa kusimama. Huo ndio uhuru wa kanzu: nje ni mweupe, ndani ni ule ule utumwa wa kale.

Na waliowashinda Waarabu, je, walileta uhuru? Majeshi ya Serikali yaliteka Nyangwe mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili, na Kabambare mwezi wa Januari 1894. Biashara ya watumwa ilivunjwa, na jambo hilo lilikuwa jema. Serikali ile ilijiita Dola Huru ya Kongo. Lakini watu wengi waliotolewa mikononi mwa Waarabu waliandikwa kuwa askari au wafanya kazi wa Serikali bila kuulizwa hiari yao. Kisha ikaja kazi ya lazima ya mpira, na pembe, na mizigo, na kiboko juu yake. Jina lilikuwa Huru. Mabega yalikuwa yale yale.

Katika jambo hili nawaomba neno moja. Jirani zetu Waislamu wa Kasongo na Nyangwe na Kabambare si wenye hatia ya mambo ya mwaka 1871. Wengi wao ni wajukuu wa waliotekwa, kama sisi. Atumiaye historia ili amchukie jirani yake, huyo naye amevikwa kongwa na watu waliokufa zamani. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulituhimiza Wakristo na Waislamu tusahau chuki za zamani na tujitahidi kuelewana.

III. Uhuru wa kutumika

Je, yuko basi mtu aliyetoka utumwani akawa huru kweli, nje na ndani? Wako wengi, na majina yao Mungu ayajua. Mimi nitawatajia mmoja, aliyeishi ng’ambo ya ziwa lile lile waliloivuka babu zetu wakiwa mateka.

Adriano Atiman alizaliwa katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu, Afrika ya Magharibi. Alikuwa mtoto mdogo alipoibwa na wauza watu, akavushwa jangwa la Sahara. Katika nchi ya Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Walimlea, akabatizwa, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta asomee uganga. Alipomaliza masomo, angeweza kuitafuta nchi yake, au kutafuta mali mahali pengine. Yeye alikuja Tanganyika, akafika Karema mwaka 1889, akiwa tabibu na katekista. Huko Karema aliwatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipokufa mwaka 1956. Alioa, na mwanawe mmoja alipewa daraja ya upadre.

Mpimeni sasa Atiman pamoja na Gongo Lutete. Wote wawili walitekwa utotoni. Wote wawili walifunguliwa. Mmoja aliutumia uhuru wake kufunga, mwingine kufunga vidonda. Tofauti yao haikuwa akili wala ushujaa, maana Gongo Lutete alikuwa navyo vyote viwili. Tofauti ilikuwa bwana aliyeketi moyoni. Katika moyo wa Atiman alikuwapo Bwana ambaye mwenyewe alijifanya mtumishi, akaiosha miguu ya wanafunzi wake, akakubali kufungwa kamba na kutundikwa msalabani ili sisi tufunguliwe.

Hilo ndilo fundisho la Bwana wetu. Wayahudi walipojivuna kwamba wao ni uzao wa Abrahamu na hawakuwa watumwa wa mtu, Yesu aliwajibu kwamba kila mtu atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, na kwamba Mwana wa Mungu peke yake aweza kumweka huru kwa kweli. Naye Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia wasiufanye uhuru wao kuwa mlango wa tamaa, bali watumikiane kwa mapendo. Basi uhuru wa Mkristo si kukosa bwana. Ni kuwa na Bwana mmoja tu, yule asiyetaka tumtawale mwenzetu.

IV. Fizi, mwaka 1964

Labda mtu atasema: “Katekista, hayo ni rahisi kwa mganga mwenye amani. Lakini mtu akishikiwa bunduki, uhuru wake uko wapi?”

Mwaka 1964 maasi ya Simba yalienea katika nchi yetu. Kindu iliangukia mikononi mwao mwezi wa Julai. Vijana wengi waliingia kwa sababu walikuwa na njaa na uchungu. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 walikuwa wameutazamia sana, nao haukuwa umefika vijijini. Waliambiwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji, mradi washike miiko yake. Basi vijana waliotafuta uhuru wakawa wafungwa wa miiko na wa hofu.

Tarehe 28 Novemba mwaka huo, huko Baraka na Fizi, mashariki ya Kabambare, waliuawa wamisionari watatu Waitaliano wa shirika la Waksaveri: Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara na Padri Giovanni Didonè. Pamoja na Padri Didonè aliuawa Abé Albert Joubert, mtoto wa nchi yetu. Alikuwa wa ukoo wa Kapteni Joubert, yule Mfaransa aliyewalinda watu wa Mpala na Mrumbi na watekaji wa watumwa, akaoa katika nchi, akafa mwaka 1927. Huko Baraka Bruda Faccin alipigwa risasi kwanza. Padri Carrara, aliyekuwa akisikiliza maungamo, alitoka nje, akaamriwa apande gari. Hakupanda. Alichagua kufa pamoja na ndugu yake, akapiga magoti kando ya maiti yake.

Sasa niambieni: saa ile ni nani aliyekuwa huru? Mwenye bunduki alitii hasira yake. Mwenye kupiga magoti alichagua. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wanne hao kuwa Wenyeheri. Bunduki yaweza kuufunga mwili, yaweza hata kuuondolea uhai. Kuufikia utashi uliotolewa kwa Mungu, haiwezi.

V. Makongwa yetu

Ndugu zangu, imebaki tujitazame sisi.

Siku ya Ubatizo tulivikwa nguo nyeupe. Na tuogope sana nguo hiyo isiwe kanzu ya ungwana. Ni hatari kwetu sisi tuliosoma na kubatizwa kuwatazama wengine kama washenzi, kama walivyotazamwa wazee wetu. Mume aliyebatizwa naye akamfanya mke wake mpagazi wa nyumba, amevaa kanzu. Mwenye deni la mwenzake aliyemfunga kijana kwa deni lisilokwisha katika mashimo ya dhahabu, amevaa kanzu. Msichana anayekwenda Misa asubuhi na usiku kufunga hirizi kwa kuogopa wachawi, bado hajamwamini Bwana aliyemfungua.

Nami niungame lililo langu. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika baraza la posa. Vijana wawili walipendana, wote Wakristo, hawakuwa na kizuizi cha Kanisa. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini: “Watu wa nyumba ile walinunuliwa.” Maana yake, babu wa babu wa kijana yule alikuja kijijini akiwa mtumwa. Watu wote wakanyamaza. Nami, katekista, niliyeifundisha baraza ile Baba Yetu, nilinyamaza pamoja nao, kwa kuogopa nisichukize wazee. Posa ikavunjika. Kijana alinitazama mimi, hakumtazama mzee. Siku ile nilijua kwamba kongwa la mwaka 1871 bado liko, na kwamba lilikuwa shingoni mwangu mimi, si mwake. Yeye alikuwa amekombolewa kwa Damu ya Kristo. Mimi nilikuwa mtumwa wa macho ya watu.

Niliungama kwa padri, kisha nilikwenda kwa kijana nikamwomba msamaha, kisha nilirudi kwa mzee nikamwambia lililonipasa kusema kwanza: kwamba katika kisima cha Ubatizo hakuna aliyenunuliwa kwa nguo wala kwa baruti, sote tumenunuliwa kwa bei moja. Mzee hakufurahi. Lakini nililala vema. Ndugu, hivyo ndivyo uhuru wa roho unavyopatikana: kwa neema ya Sakramenti ya Kitubio, na kwa hatua moja ya miguu baada yake.

Maswali ya kukumbuka

Ulizo: Kwa nini utumwa wa mwili ni dhambi?
Jibu: Kwa sababu kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, mwenye akili na utashi; hawezi kuwa mali ya mtu.

Ulizo: Je, aliyefunguliwa mnyororo amekwisha kuwa huru?
Jibu: Mwili wake ni huru. Moyo wake utakuwa huru akiacha dhambi na kumpokea Kristo kuwa Bwana wake.

Ulizo: Twamjuaje mtu mwenye uhuru wa kweli?
Jibu: Kwa ishara hii: hamfungi mwenzake, bali humtumikia kwa mapendo.

Ulizo: Uhuru wa roho twaupata wapi?
Jibu: Katika Ubatizo, tena kila tukianguka dhambini, katika Kitubio, nao hulishwa kwa Ekaristi Takatifu na sala.

Azimio la juma hili: Nitamtafuta mtu mmoja niliyemvisha kongwa kwa neno, kwa deni au kwa dharau, nami nitamfungua.

Na tusali. Ee Bwana Yesu, uliyefungwa kwa ajili yetu, uwakumbuke wote waliokufa katika njia ya Kabambare, mkono juu ya moyo. Uwape pumziko la milele. Nasi utuvue kongwa lisiloonekana, ili tusimvishe mwingine. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.